Mjadala wa makanisa umemsahau anayefagia

Tangu miili ianze kufukuliwa katika msitu wa Shakahola mwezi wa Aprili 2023, swali moja limezungushwa serikalini, bungeni na madhabahuni bila kupata jibu: nani awachunge wachungaji? Rais aliunda jopokazi chini ya Kasisi Mutava Musyimi, likazunguka nchi na kuwasilisha ripoti yake Julai 2024. Seneti nayo ilikuwa na kamati yake, ikiongozwa na Seneta wa Tana River, Danson Mungatana, na huko ndiko ulikotoka mswada wa mashirika ya dini. Kisha watu walipodhani yamekwisha, katikati ya 2025 makaburi mengine yakagunduliwa Kwa Binzaro, kaunti hiihii ya Kilifi, na miili zaidi ya 30 ikatolewa. Mjadala ukarudi palepale.

Pande mbili zimeshajipanga. Wa kwanza unataka makanisa yasajiliwe kwa masharti makali zaidi, wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, hesabu za fedha zipelekwe kwa msajili kila mwaka. Wa pili, ambao ndani yake wamo maaskofu wa makanisa makongwe na wachungaji wa makanisa ya bati, unasema huko ni serikali kuingiza mkono kwenye ibada, na unakimbilia Kifungu cha 32 cha Katiba kinacholinda uhuru wa dhamiri na dini. Si mara ya kwanza. Mwaka 2014 Mwanasheria Mkuu wa wakati ule, Githu Muigai, alisimamisha usajili wa makanisa mapya, na mwanzoni mwa 2016 kanuni zilizotayarishwa na ofisi yake zikapingwa na Wakristo na Waislamu pamoja hadi zikaondolewa. Tumezoea ngoma hii.

Ukisikiliza vizuri, pande zote mbili zinamzungumzia mtu mmoja tu: yule aliyeshika maikrofoni. Mmoja unataka kumfunga breki, mwingine unataka aachwe. Hakuna anayewazungumzia watu walioketi chini yake na wanaolibeba kanisa kwa mikono yao bila malipo: mhazini, katibu wa jumuiya, mwalimu wa watoto, mama wa kufagia, kijana wa spika. Kwa maoni yangu, hao ndio wanaoamua kama kanisa ni nyumba ya salama au mtego. Sheria yoyote isiyowagusa itakuwa ya kusajili mabango ya barabarani tu.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaopitisha sheria huiona Jumapili moja moja, wakati wa kampeni. Kanisa la kawaida la Pwani, liwe la Kianglikana kule Rabai, la Kimethodisti Ribe, la Kikatoliki Changamwe au la kipentekoste pale Mtwapa, lina mtu mmoja au wawili wanaolipwa, na mara nyingi hata hao hawalipwi vya kutosha. Mashambani padri mmoja ana vigango kadhaa (msomaji asichanganye na vigango vya Wagiriama, vile vya kuwakumbuka wazee waliokufa), na kigango kimoja huenda kikamwona mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote kanisa liko mikononi mwa watu wasiolipwa. Kuna mwenye ufunguo. Kuna anayefika alfajiri kufagia mavi ya popo na kupanga viti vya plastiki. Kuna anayewafundisha watoto chini ya mwembe, bila kitabu cha kutosha, akitunga michezo kichwani. Kuna kwaya inayofanya mazoezi Jumamosi jioni wakati wenzao wako ufuoni. Kuna mzee wa kanisa anayepatanisha mume na mke usiku wa manane na asubuhi anakwenda zake kazini bandarini kama kwamba alilala.

Lakini kazi kubwa kuliko zote, na ambayo haimo kwenye ratiba ya ibada, ni ya misiba. Mtu akifariki Coast General au hospitali ya Kilifi, wa kwanza kupigiwa simu mara nyingi si mchungaji. Ni katibu wa jumuiya. Yeye ndiye anayefungua kundi la WhatsApp, anayeandika majina ya waliotuma mchango kwa M-Pesa, anayejua nani ana hema, nani ana sufuria kubwa, nani ana pikapu inayoweza kufika Bamba kwa barabara ile. Akina mama wanahamia kwenye boma la msiba na kuni na maji. Wengine hulala hapo siku kadhaa, na kazi yao moja ya kimyakimya ni kuwaangalia mabinti usiku, kwa sababu kila mtu Kilifi anajua disko matanga zimefanya nini kwa watoto wetu wa shule. Marufuku ya serikali dhidi ya disko hizo yametolewa mara nyingi. Anayeyatekeleza saa nane za usiku ni mama mwenye leso na tochi.

Kutokana na kazi hiyo unapatikana ujuzi ambao polisi wala chifu hana. Mama anayekusanya shilingi hamsini za jumuiya kila wiki anajua nani hakutoa. Akikosa mtu wiki mbili, anakwenda kugonga mlango. Akikuta mlango una kufuli, anamuuliza jirani. Akisikia mtoto ameacha shule, anauliza kwa nini, na asiporidhika na jibu analipeleka kwa wenzake. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kujenga kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, watu wa mtaa mmoja wanaokutana nyumbani kwa mtu kila wiki, waliliona jambo hilo. Mchungaji wa watu elfu moja hawezi kujua nani hajala, lakini kikundi cha nyumba kumi na tano kinaweza. Waanglikana wana Umoja wa Akina Mama, wapentekoste wana vikundi vyao vya maombi vya nyumbani. Majina ni tofauti, kazi ni ileile.

Sasa turudi Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilitolewa katika ardhi ile, mingi ikiwa ya watoto. Dawati la Shirika la Msalaba Mwekundu lililowekwa Malindi liliandikisha majina ya watu zaidi ya 600 walioripotiwa kutoweka. Paul Mackenzie na wenzake zaidi ya 90 walifunguliwa mashtaka mwanzoni mwa 2024 na wakayakana, na mahakama ndiyo itakayosema nani ana hatia ya nini. Lakini jinsi maisha ya kule yalivyopangwa inajulikana kutokana na walionusurika na uchunguzi wa umma. Watoto walitolewa shuleni. Hospitali ilifanywa dhambi. Watu waliuza mali, wengi wakitoka kaunti za mbali, wakapewa vipande vya ardhi porini katika vijiji vilivyopewa majina ya Biblia. Waliacha jumuiya zao, vyama vyao vya kuweka na kukopa, walimu wa watoto wao, shangazi zao. Kila kamba iliyomfunga mtu na mwingine anayeweza kumuuliza "mbona sikuoni?" ilikatwa kwanza. Njaa ilikuja baadaye.

Hilo ndilo ninalotaka lionekane. Kabla mtu hajafa kwa kufunga alikuwa ameshatoweka kwa hesabu ya watu, na kule porini hapakuwa na daftari ambalo jina lake lingekosekana.

Wala si kweli kwamba hakuna aliyesema. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, katika ripoti yake ya Machi 2024, iliwalaumu maafisa wa usalama wa Malindi kwa kupuuza taarifa walizopelekewa. Walizipeleka watu wa kawaida: jamaa, wakazi, waliojitoa kundini. Mhubiri mwenyewe alikuwa ameshakamatwa na kufikishwa kortini zaidi ya mara moja miaka ya nyuma, na suala la watoto kunyimwa shule lilikuwa linajulikana tangu 2017. Kwa hiyo anayesema tulikosa taarifa anatupotosha. Taarifa zilikuwepo, ila waliozibeba hawakuwa na cheo cha kuwafanya wasikilizwe.

Na cheti cha theolojia? Hapa wanaotetea mswada hupenda kukumbusha kwamba Mackenzie alikuwa dereva wa teksi Malindi kabla ya kuwa mhubiri. Ni kweli, na dhana inayofuata ni kwamba angekuwa amesoma tusingefika huko. Waulizeni Waganda. Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, mamia waliteketea ndani ya jengo la kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu, na baadaye miili mingine ikakutwa imefukiwa katika nyumba za viongozi wake. Mmoja wa viongozi hao, Dominic Kataribabo, alikuwa padri aliyesoma Marekani hadi shahada ya uzamili. Elimu ya dini alikuwa nayo tele. Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango, na cheti kilichotundikwa ukutani ni mlango tu.

Sisemi elimu haina maana. Mhubiri aliyefundishwa kusoma maandiko kwa mpangilio ana nafasi ndogo zaidi ya kushika mstari mmoja na kuufanya fimbo. Makanisa yenyewe yangefanya vizuri kuwapeleka wahubiri wao shule kabla hawajalazimishwa. Lakini sharti la cheti likiandikwa vibaya litawaumiza wasiohusika. Historia ya Ukristo wa Pwani kwa sehemu kubwa ni historia ya watu wasio na shahada. Krapf alifika Mombasa 1844, Rebmann akamfuata 1846 na wakaanza kituo cha Rabai, na hao ndio tunaowataja shuleni. Lakini kazi iliendelea kwa sababu ya makatekista Waafrika, wengi wao watu waliokuwa wameokolewa utumwani na kulelewa India kabla ya kurudishwa huku. George David na William Jones ni wawili kati yao. Kule Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, kulikuwa na jamii ya Wakristo na watoro wa utumwani iliyojiongoza bila mmisionari kukaa nao. Kiongozi wao David Koi aliuawa 1883. Hakuwa kasisi. Mtu kama yule leo, chini ya baadhi ya mapendekezo haya, angehitaji kwanza karatasi kutoka Nairobi ndipo awaombee majirani zake.

Katekista wa leo wa Magarini au Garsen ni mrithi wa hao. Ni mkulima mwenye baiskeli. Ukimwondoa kwa kukosa diploma, hujamzuia tapeli, kwa sababu tapeli ana pesa za kununua diploma. Umemwondoa yule aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba.

Hapo mtu makini ataniuliza: je, Shakahola hakukuwa na wanaojitolea? Walikuwepo. Tena kwa bidii ya kutisha. Upande wa mashtaka unadai kulikuwa na walinzi waliohakikisha hakuna anayekula wala anayetoroka. Watu walijenga, walichimba, walisimamia, na hawakulipwa hata senti. Kwa hiyo kujitolea peke yake si wema. Mtu anaweza kujitolea kumfungia mwenzake mlango.

Tofauti iko wapi, basi? Nadhani iko katika jibu la swali dogo: anayejitolea anawajibika kwa nani? Mhazini wa kanisa lenye afya huchaguliwa na washirika, ana muda wake wa kukaa ofisini, na siku ya mkutano mkuu husimama mbele ya watu akasoma tarakimu huku vijana wa nyuma wakimkatiza kwa maswali. Anaweza kumwambia mchungaji "hapana, hizi ni za paa", na kesho yake bado ni mhazini. Katika kanisa lenye ugonjwa, mhazini ni mke wa mchungaji au shemeji yake, anayejitolea huchaguliwa kwa ndoto aliyoota kiongozi, na siku anayouliza swali huambiwa ana roho ya uasi. Kazi zote zinafanana kwa nje, kuanzia kufagia hadi kupika. Hakuna mkaguzi wa serikali atakayeona tofauti hiyo kwa kutazama cheti cha usajili.

Angalia pesa, kwa sababu pesa husema mapema. Siku hizi sadaka nyingi haziingii kapuni. Zinatumwa kwa simu. Swali la kwanza ambalo mshirika yeyote anaweza kuuliza kanisani kwake, bila kuwa mwanasheria, ni hili: ile namba inayotangazwa baada ya mahubiri ni ya kanisa au ni ya mtu? Kama ni paybill yenye jina la kanisa na wenye kutia sahihi ni watatu, hiyo ni hali moja. Kama ukituma linatokea jina la mchungaji mwenyewe, hiyo ni nyingine kabisa. Zile Jumapili za zamani ambapo watu wanne walifungua kapu mezani, wakahesabu sarafu mbele ya macho ya wote na kuandika jumla kwenye ubao, zilikuwa na usalama ambao simu imetuondolea bila sisi kutambua. Na wale wanne, tena, hawakuwa wakilipwa.

Pesa kubwa nayo ina mambo yake. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais na kuagiza urudishwe, na nchi nzima ikashangaa. Kanisa la Anglikana lilikuwa limeshawakataza wanasiasa kuhutubia kutoka madhabahuni tangu 2021. Hayo ni maamuzi ya juu. Lakini huku chini harambee ya mwanasiasa ina athari ambayo haizungumzwi: inawavunja moyo wanaojitolea. Kikundi cha akina mama kimeuza mahamri na viazi karai mwaka mzima kupata mabati ishirini. Mheshimiwa anashuka kwenye gari, anatoa mara kumi ya hiyo kwa dakika tano, na kuanzia siku hiyo mchungaji anajua hahitaji tena wauza mahamri. Asiyewahitaji watu wake kwa pesa hatawahitaji kwa ushauri pia. Nadhani hilo ni hatari zaidi kuliko siasa yenyewe.

Niseme pia jambo ambalo viongozi wa makanisa hawatapenda. Neno kujitolea limetumiwa vibaya sana hapa Pwani. Kuna watu wanaofagia, wanaolinda na wanaopika katika majumba ya kanisa siku sita kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, na wakiuliza nauli wanaambiwa malipo yako mbinguni. Huyo si mtu wa kujitolea. Huyo ni mfanyakazi asiyelipwa, na Kifungu cha 41 cha Katiba kuhusu haki za kazi hakisemi kwamba kanisani hakifiki. Kujitolea ni kutoa unachoweza, wakati unaoweza, ukiwa na uhuru wa kusema wiki hii siwezi. Mtu asiyeweza kusema siwezi hataweza pia kusema nimeona jambo baya.

Na wengi wa hao ni wanawake. Katika makanisa mengi wao ndio wengi wa washirika na wanaofanya karibu kazi zote nilizotaja, lakini ukifika kwenye meza ya kamati ya fedha au ya ujenzi utakuta wanaume na mwanamke mmoja wa kuandika kumbukumbu. Wanaojua nani haonekani si wale wanaokaa penye maamuzi. Vijana nao wanapungua. Si kwamba wamemkana Mungu. Kijana anayefanya kazi ya zamu katika hoteli ya Diani au Watamu hana Jumapili, hasa msimu wa wageni, na mwendesha boda boda hupata pesa yake nzuri saa zilezile za ibada. Makanisa yanayoshika vijana ni yale yaliyohamisha mambo yao yakawa Jumanne usiku. Mengine yanalalamika tu.

Watoto ndio pagumu zaidi. Shule ya Jumapili ni mahali ambapo mzazi humkabidhi mtoto kwa mtu mzima asiyemjua vizuri, kwa saa mbili, kwa sababu tu mahali hapo panaitwa kanisa. Tunayo Sheria ya Watoto ya 2022 na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Shuleni mwalimu huchunguzwa kabla hajaingia darasani. Kanisani, mwenye gitaa na tabasamu huchukuliwa wiki ileile. Cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi hugharimu takriban shilingi 1,000, na kwa mtu anayejitolea huko Ganze hiyo ni pesa. Kanisa linaloweza kununua spika mpya linaweza kumlipia. Zaidi ya cheti, kuna kanuni isiyogharimu kitu: mtu mzima asikae peke yake na watoto mahali palipofungwa. Wawili siku zote. Mlango wazi. Makanisa yaliyo na utaratibu huu yapo, na hayakupata hasara ya imani.

Ndugu zetu Waislamu wanaosoma haya wasidhani ni habari za jirani. Mswada unasema dini, si kanisa, na misikiti na madrasa imo. Nao wana kamati zao za msikiti, waosha maiti wasiotaka malipo, wachimba makaburi wanaoitwa usiku, walimu wa madrasa wanaoishi kwa ada ya wazazi maskini. Baraza la Viongozi wa Dini Pwani, lile linalojulikana kwa kifupi CICC, limewakutanisha mashehe na maaskofu kwa miaka mingi juu ya amani na ardhi. Lingeweza kuwakutanisha pia wahazini na waalimu wa watoto wa pande zote mbili, wakaoneshana madaftari. Kuna msikiti mwenye utaratibu mzuri wa hesabu kuliko kanisa lililo mkabala wake, na kinyume chake.

Kama lazima tuwe na sheria, na nadhani sasa hakuna pa kukwepea, basi ninavyoona mimi mambo machache yangefaa kuwekwa mbele ya vyeti. Kila kanisa lenye namba ya kupokea pesa liwe na kamati iliyochaguliwa na washirika, yenye muda wa kumaliza, na watu wa nyumba moja wasiishike peke yao. Taarifa ya hesabu isomwe kwanza kwa washirika wenyewe ndipo iende kwa msajili, kwa sababu msajili yuko Nairobi na hajui kama lile paa lilijengwa. Mshirika au mtumishi wa kujitolea anayetoa taarifa kuhusu mtoto kunyimwa chakula, shule au dawa awe na kinga ya kisheria, na afisa anayepokea taarifa hiyo atoe namba ya kumbukumbu, ili kesho asiweze kusema hakuambiwa. Hilo la mwisho ndilo lingewasaidia wale waliokwenda kituoni Malindi. Vyeti vya wahubiri vifuate baadaye, kwa muda mrefu wa kujiandaa, na viwaache nje makatekista na wazee wa kanisa wanaotumikia chini ya kanisa linalowajibika kwa ajili yao.

Wachungaji wanyofu hawana la kuogopa hapo. Wengi wao, ninavyowasikia, wangefurahi kupumzika na tuhuma. Mchungaji ambaye hesabu zake zinasomwa na mama muuza samaki hulala usingizi.

Lakini maoni ya wananchi juu ya mswada kama huu hukusanywa vipi? Tumeona mara nyingi. Kikao hutangazwa kwenye gazeti la Kiingereza. Hufanyika siku ya kazi, asubuhi, kwenye ukumbi wa kaunti au hoteli ya mjini. Wanaofika ni wachungaji wenye suti na magari, wanaharakati na maafisa. Hoja zinatolewa kwa Kiingereza, chai inanywewa, na saa saba kikao kinafungwa. Katibu wa jumuiya wa Marafa au Bamba, yule mwenye daftari la majina, siku hiyo yuko sokoni, na nauli ya kwenda Kilifi na kurudi ni faida yake ya siku mbili. Kamati ya bunge ikitaka maoni yake ina njia rahisi: iende yenyewe, Jumapili, baada ya ibada, ikae kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe pamoja na wale wanaobaki nyuma kuvikusanya.